Kabla hujafunga marobota: namna ya kujikinga na vikwazo vya kimataifa ukiuza nje kutoka Tanga

Bei ikishakubaliwa, akili ya mfanyabiashara huhamia kwenye lori, kontena na tarehe ya meli. Hapo ndipo ninapowaomba wateja wangu wasimame kwanza. Kazi yangu ni kuandaa hati za mizigo inayotoka bandari ya Tanga: mkonge, viungo vya Amani na Muheza, mwani wa akina mama wa pwani. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Dada, mimi nauza iliki tu, vikwazo vinanihusu nini?" Vinakuhusu, kwa sababu pamoja na bidhaa vinaangalia unamuuzia nani, pesa inatoka kwa nani, na mzigo unapanda chombo gani.

Kwanza ujue vikwazo ni vya nani. Vile vya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa vinazibana nchi zote wanachama, Tanzania ikiwemo, kwa hiyo kuvifuata ni wajibu wetu hapa hapa nyumbani. Vya Marekani, Umoja wa Ulaya na Uingereza ni sheria za kwao, lakini hutufikia kupitia pesa. Dola ikitumwa kutoka Dubai kuja Tanga, kwa kawaida hupitia benki ya New York, na ikishagusa hapo iko chini ya sheria ya Marekani. Mwaka 2017 kampuni ya CSE ya Singapore ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 12 kwa sababu ilitumia akaunti yake ya dola, iliyokuwa katika benki ya Singapore, kulipia kazi zilizohusu Iran. Haikuwa kampuni ya Kimarekani wala haikuwa benki. Anayedhani mkono wa OFAC, ile ofisi ya Hazina ya Marekani inayosimamia vikwazo, hauvuki bahari, aikumbuke hiyo.

Basi kabla ya kusaini mkataba, mwombe mnunuzi cheti cha usajili wa kampuni, majina ya wamiliki na wakurugenzi, jina la benki yake, na jina kamili la atakayelipa. Mnunuzi wa kweli hukupa bila kununa. Akikujibu kwamba "hayo tutazungumza baadaye", mzigo ubaki ghalani.

Majina hayo uyatafute kwenye orodha za watu, kampuni na meli zilizowekewa vikwazo. Zote ziko wazi mtandaoni na hazina malipo: ya Umoja wa Mataifa, ya OFAC, ya Umoja wa Ulaya na ya Uingereza. Ukiwa na simu na bando, inatosha. Usitafute jina la kampuni peke yake. Tafuta la kila mmiliki, kila mkurugenzi, benki na meli.

Sisi watu wa pwani tuna kazi ya ziada hapa. Majina yenye asili ya Kiarabu huandikwa kwa namna nyingi: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Abdallah, Abdullah, Saleh, Salih. Ukitafuta kwa tahajia moja tu unaweza kumkosa aliyemo. Kwenye ukurasa wa OFAC kuna kipimo cha ufanano kinachofika 100. Kiteremshe, ili majina yanayokaribiana nayo yajitokeze, halafu uyapitie moja moja. Linganisha tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, uraia na namba ya pasipoti. Jina kufanana si hatia. Ni sababu ya kuangalia zaidi.

Na sisi wenyewe tunakaguliwa hivyo hivyo. Mteja wangu mmoja wa pilipili manga, mtu wa Muheza, malipo yake yalisimama njiani kwa sababu majina yake mawili yalifanana na ya mtu aliyemo kwenye orodha. Kilichomtoa ni karatasi: kitambulisho cha NIDA, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, na barua fupi ya kueleza kwamba yule wa kwenye orodha amezaliwa nchi nyingine, mwaka mwingine. Lakini pasipoti ilikuwa na "Mohamed", usajili wa BRELA, wakala wa kusajili kampuni, ulikuwa na "Muhamed", na kwenye ankara jina la babu halikuwepo kabisa. Hilo ndilo lililochelewesha mambo. Nawasihi sana: jina liandikwe herufi kwa herufi sawa kwenye NIDA, pasipoti, BRELA, akaunti ya benki na ankara. Na msiliache jina la babu, kwa sababu mara nyingi ndilo linalowatenga na mtu mwingine.

Kampuni inaweza isiwe kwenye orodha na bado ikawa imezuiwa. Kwa kanuni ya Marekani, ikiwa watu walioorodheshwa wanamiliki kwa jumla asilimia 50 au zaidi ya kampuni, kampuni hiyo nayo imezuiwa. Mmoja akiwa na 30 na mwingine 20, tayari imefika. Uingereza na Ulaya wanaangalia pia ni nani anayeiendesha kwa hakika, hata kama hisa zake ni chache. Ndiyo maana nadai majina ya wamiliki na siridhiki na nembo nzuri ya barua.

Meli nayo ina jina, na jina la meli hubadilishwa kwa rangi na brashi. Namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho wa kimataifa ya meli, haibadiliki. Hubaki na meli hiyo hata ikiuzwa au ikibadili bendera. Ina tarakimu saba, na unaweza kuipima kwa kalamu. Chukua 9074729. Zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano: 63, 0, 35, 16, 21 na 4. Jumla ni 139. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 9, na tarakimu ya saba ya namba yetu ni 9. Zisipolingana, namba imekosewa au imetungwa. Zikilingana, itafute kwenye orodha. Bendera isikutulize: mwaka 2012 ilibainika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zimesajiliwa kwa bendera ya Tanzania kupitia wakala aliyekuwa Dubai, na serikali ikazifutia usajili meli 36.

Majahazi hayana namba ya IMO, kwa hiyo andika jina la jahazi, usajili wake, nahodha na mwenye chombo. Na kama biashara yako ni mkaa, ongeza umakini. Tangu 2012 Baraza la Usalama limepiga marufuku mkaa kutoka Somalia, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuta mkaa huo ukiuzwa Ghuba kwa vyeti vya asili vya uongo vilivyodai umetoka Komoro au Ghana. Cheti chako cha asili, kile cha TCCIA (chemba ya wafanyabiashara), kiwe cha kweli, na mzigo uwe ule ule ulioandikwa humo.

Kuna dalili ambazo mimi nikiziona nasimamisha kila kitu: mnunuzi ni kampuni moja na mlipaji ni nyingine isiyotajwa kwenye mkataba, benki inabadilishwa mzigo ukiwa tayari, mpokeaji ni wakala wa usafirishaji tu na mnunuzi hajulikani, au mzigo wa Jebel Ali, bandari ya Dubai, unaombewa ghafla bandari nyingine baada ya kupakiwa. Ombi la kufuta jina la nchi kwenye ankara halina maelezo mazuri hata moja. Likataeni kwa maandishi.

Chakula na dawa mara nyingi vimeachiwa nafasi hata kwa nchi zenye vikwazo vikali. Lakini kuruhusiwa ni jambo moja na kulipwa ni jingine: benki yaweza kukataa hata muamala halali. Iulize kwa maandishi kabla hujanunua mzigo kwa wakulima, maana wao wakishatoa mali yao hawana pa kuegemea ila kwako.

Mikataba ya kampuni kubwa za nje huwa na kifungu cha vikwazo. Kisome chote, na uombe kikulinde na wewe pia: mnunuzi akiingizwa kwenye orodha baada ya kusaini, uwe na haki ya kusimamisha mzigo bila faini.

Usitegemee orodha ya kichwani. Juni 2025 Marekani ilifuta programu yake ya vikwazo dhidi ya Syria, ingawa baadhi ya watu walibaki kwenye orodha. Septemba mwaka huo huo vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Iran vilirudishwa. Kwa hiyo kagua siku ya mkataba, kagua tena siku kontena linapopigwa lakiri, na mara ya tatu kabla ya kukabidhi hati za shehena. Kila mara piga picha ya matokeo yenye tarehe na uiweke kwenye faili la mzigo. Tangu Machi 2025 OFAC inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 10, na hicho ndicho kipimo ninachokifuata hata kwa robota moja la mkonge.

Na ikitokea jina likawa ni lile lile kweli, tarehe ya kuzaliwa na pasipoti vikiwa vimelingana, usipakie na usimrudishie malipo ya awali. Watu wengi hudhani kurudisha ni uaminifu, lakini mali ya aliyeorodheshwa inatakiwa kuzuiwa, na ukimrudishia utakuwa umemkabidhi. Nenda benki siku hiyo hiyo na faili lako, waombe waandikie Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu cha serikali, mtafute wakili, na usimpigie mnunuzi simu mpaka upate maelekezo.