Somo: Malta inavyochagua wabunge wake 6 wa Bunge la Ulaya

Wengi tumezoea kutia alama kwa mtu mmoja, mwenye kura nyingi anapita, basi. Malta mambo ni tofauti. Nchi nzima ni jimbo moja lenye viti 6, na mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba. Tuifuate karatasi moja ya kura.

Hatua ya 1. Mpiga kura (kuanzia miaka 16) anaandika 1 kwa anayemtaka kuliko wote, kisha 2, 3, mpaka achoke. Majina yamepangwa kwa vyama, ila ruksa kurukia chama kingine. Ukiandika 1 mara mbili, umeiharibu. Ukiishia kwenye 1, kura ni halali, lakini umejipunja.

Hatua ya 2. Tafuta kiwango cha kushinda: gawa kura halali kwa viti ukiongeza kimoja, yaani 7, kisha jumlisha 1. Tuseme kura ni 700. Gawa kwa 7, unapata 100. Ongeza 1, kiwango ni 101. Watu 6 wakifika 101, zimekwenda 606, zimebaki 94. Wa saba hata azikombe zote, hafiki. Ndiyo maana hatugawi kwa 6. Hapa ndipo wengi huteleza, rudia hesabu kwa kalamu.

Hatua ya 3. Hesabu namba 1 zote. Aliyefikia kiwango kapita, na ziada yake inahama. Mwaka 2024 mgombea Roberta Metsola alipata zaidi ya 87,000 huku kiwango kikiwa kama 37,000. Ile ziada ya kama 50,000 ilikwenda kwa waliofuata kwenye karatasi za wapiga kura wake.

Hatua ya 4. Ziada zikiisha na viti bado vipo, wa mkiani anatolewa na kura zake zinagawiwa kwa chaguo linalofuata. Mnarudia hivyo hivyo. Tangu 2019 karatasi zinapigwa skana. Zamani ilikuwa mikono mitupu.

MASWALI

Mwalimu, chama kidogo kina nafasi?
Ndogo. Mwaka 2004, viti vikiwa 5, Arnold Cassola wa chama cha Kijani alipata kama asilimia 9 ya kura za kwanza akakosa. Kiwango kilikuwa karibu asilimia 17, na wapiga kura wengi wa vyama vikubwa huwa hawavuki chama chao wanapoandika namba. Mwaka 2024 vyama vikubwa viwili, Labour na Nationalist, viligawana viti 3 kwa 3.

Mbunge akiondoka katikati, wanarudia uchaguzi?
Hapana ndugu yangu. Wanafungua tena karatasi zilizompitisha aliyeondoka, wanaangalia zilimwandika nani baada yake. Metsola mwenyewe aliingia kwa mlango huo 2013, Simon Busuttil alipoondoka. Kufikia Januari 2022 alikuwa Rais wa Bunge la Ulaya.

Kwa hiyo namba 2 yangu inaweza kumdhuru namba 1 wangu?
Haiwezi. Haiguswi mpaka namba 1 awe amepita au ametolewa.