Daftari la Ijumaa

Mtu akijaaliwa kuishi miaka 70 hupata Ijumaa zipatazo 3,650, na za utotoni zimo humo humo. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya sala, kabla hujaenda kukaa barazani, fungua daftari uandike madeni unayodaiwa, hata likiwa la kilo moja ya mchele dukani, maana deni hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa, na wasia wenyewe hauvuki thuluthi ya mali. Kisha chagua jambo moja tu la kutimiza kabla ya Ijumaa ijayo: kuvuka kwenda Wete, kisiwani Pemba, kumtazama shangazi, au kupanda mche wa mkarafuu, ambao (nasema kwa majuto) huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa.