Somo: Maji ya Mwanza huchemka nyuzi ngapi? Jaribio la vipindi viwili kwa kidato cha pili na cha tatu

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Fizikia hapa Mwanza, binti mmoja aliniletea daftari la jaribio la mchemko. Alikuwa ameandika nyuzi 96. Wenzake wote waliandika 100. Nikamwambia kipimajoto chake kibovu, afute. Akafuta. Miaka miwili baadaye nilikaa na kupima mwenyewe, nikaona 96. Nikabadilisha kipimajoto, ikawa 96 tena. Darasa zima lilikuwa limenakili kitabu, yeye peke yake ndiye aliyesoma kipimajoto. Tangu hapo jaribio hili nalifundisha kwa uangalifu kuliko mengine yote.

Sababu ni hii. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa inayoyakandamiza. Dar es Salaam na Tanga, usawa wa bahari, kanieneo ya hewa (yaani mkandamizo wake) ni kilopaskali 101 hivi, na maji safi huchemka kwa nyuzi 100. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya bahari. Hewa iliyotufunika huku ni pungufu, kanieneo inabaki karibu kilopaskali 88, basi maji hayasubiri kufika 100.

Vifaa. Bika au kisufuria kidogo, kipimajoto cha maabara kinachofika nyuzi 110, saa, barafu, vipande viwili vya kigae cha chungu, na jiko: la spiriti, la gesi, hata la mkaa likiwa nje ya darasa. Kipimajoto cha homa kisikaribie hapo kabisa. Kinaishia nyuzi 42, kitapasuka.

Hatua ya 1: pima kipimajoto chenyewe. Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo inayobeba somo zima. Nunua barafu kwa wauza samaki au duka lenye friza, iponde, ijaze kwenye kikombe na maji kidogo, koroga, tumbukiza kipimajoto na usubiri dakika tatu. Barafu inayoyeyuka ni nyuzi 0 huku kwetu kama ilivyo pwani, maana mwinuko hauigusi kwa kiasi cha kuonekana. Kipimajoto kikisoma 0, si kibovu. Kikisoma 1, kila kikundi kiandike kwamba chake kinazidisha 1 na kitoe baadaye. Ukishafanya hivi mbele yao, hakuna atakayesingizia kifaa.

Hatua ya 2: chemsha. Mililita 200 za maji zinatosha. Tia vile vigae ili maji yasiruke ghafla. Ncha ya kipimajoto iwe ndani ya maji bila kugusa kitako cha chombo, kwa sababu kitako kina moto kuliko maji. Mmoja asome, mmoja ashike saa, mmoja aandike, kila dakika moja. Macho yawe usawa wa alama.

Viputo vidogo vitaanza mapema, nyuzi 50 au 60. Watapiga kelele kwamba yamechemka. Waulize: ndani ya viputo hivyo kuna nini? Ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini, inakimbia joto. Mchemko wenyewe ni viputo vikubwa vya mvuke vinavyopanda mpaka juu bila kufia njiani.

Hatua ya 3: usitaje jibu. Namba itapanda, kisha itasimama. Waache waandike kwa dakika tano zaidi, hata wakilalamika kwamba haibadiliki. Kusimama huko ndiko wanakotakiwa kuona: moto unaendelea, lakini joto lote linakwenda kugeuza maji kuwa mvuke. Wachore grafu, muda mhimili wa chini, nyuzi mhimili wa wima.

Atakuwepo atakayeandika 100. Usimgombeze. Mwite arudi kwenye kipimajoto, asome kwa sauti. Hapa huwa nawasimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ungali moto ukiganda kabla ya ule uliopoozwa. Aliambiwa haiwezekani. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walichapisha jambo hilo, na mpaka leo wanasayansi wanalijadili.

Hatua ya 4: hesabu. Kila mita 300 za kupanda, mchemko hushuka kwa karibu nyuzi 1. Kwa hiyo 1,134 gawanya kwa 300 ni 3.8; toa kwenye 100, unapata 96.2. Shule yenu ikiwa juu mlimani, ongezeni mwinuko wake. Kisha wapige hesabu ya kilele cha Uhuru, mita 5,895. Watapata karibu nyuzi 80, na nyuso zao zitakuonyesha kwamba wameelewa.

Hatua ya 5: sirinji (kipindi cha pili). Chukua maji yaliyokwisha kuchemka, yapoe hadi nyuzi 70 hivi. Vuta kidogo kwa sirinji kubwa isiyo na sindano, toa hewa yote, ziba tundu kwa kipande cha mpira wa tyubu, kisha vuta mpini kwa nguvu. Maji yatachemka mkononi mwako bila moto. Achia, yanatulia. Mwalimu afanye mwenyewe, maana maji bado yanaunguza.

Maswali ya wasomaji

*Mwalimu wa Sengerema:* Shikamoo mwalimu. Mtihani ukiuliza maji huchemka nyuzi ngapi, mtoto aandike nini?

Marahaba. Aandike nyuzi 100 kwa kanieneo ya usawa wa bahari. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo wasiyoijua wengi. Lakini kwenye mtihani wa vitendo aandike alichokisoma, hata kama ni 95.5.

*Mwalimu mgeni, Ukerewe:* Wanafunzi wangu wametoka kusoma kwa Kiswahili msingi, maneno ya Kiingereza yanawakwamisha. Nifanyeje?

Waache wabishane kwa Kiswahili wakati wa kupima. Grafu ikishakamilika, wape maneno matano tu ya Kiingereza wayabandike juu yake, yenye maana hizi: yanapopanda, yanaposimama, mvuke, kanieneo, mwinuko. Neno linashika likikuta kitu kilichokwisha kuonwa kwa macho.

*Mzazi, Ilemela:* Mwanangu amerudi ananiambia maji yetu hayafiki 100. Sasa ya kunywa tunayochemsha yanaua vijidudu kweli?

Yanaua, mama, usihofu. Vimelea vya kipindupindu na vya kuhara hufa kwa joto lililo chini sana ya nyuzi 96. Yaache yatokote vizuri kwa dakika moja, yafunike, yapoe humo humo. Maharage ndiyo yatakayokuchelewesha kidogo kuliko dada yako wa pwani.

*Mwalimu wa Igoma:* Kikundi kimoja kimepata 97, tena barafu ilisoma 0.

Tazama kwanza kama ncha iligusa kitako. Kama haikugusa, uliza kama waliongeza chumvi, kwa kuwa gramu 58 katika lita moja hupandisha mchemko kwa karibu nyuzi 1. Yote mawili yakiwa sawa, warudie kwa kipimajoto cha kikundi jirani, na 97 ile ibaki kwenye daftari bila kufutwa.