Jinsi ya kuendesha mfuko wako wa misaada mtandaoni bila hela kulala

Hii ni kwa walioko Marekani wenye ule mfuko wanaouita DAF (donor-advised fund, yani unaweka hela za misaada kwenye taasisi alafu unapendekeza ziende kwa mashirika gani), au wanaofikiria kuufungua. Kitu cha kwanza, ukishaweka hela mle siyo zako tena. Kisheria ni mali ya taasisi inayotunza mfuko, iwe Fidelity Charitable, Vanguard Charitable au wakfu wa jamii (community foundation) wa mji wenu, we unabaki mshauri, unapendekeza ziende wapi na wao ndo wanaidhinisha na kutuma. Hazirudi hata ukikwama vipi, kwahiyo weka kile ambacho moyo umeshakiachia.

Kuweka ni rahisi, unaunganisha akaunti ya benki bas. Ila kama una hisa umekaa nazo zaidi ya mwaka na zimepanda bei, tafadhali usiziuze kwanza, zihamishe zilivyo, kwasababu ukiuza mwenyewe unakatwa kodi ya faida wakati mfuko ukiziuza hiyo kodi haipo, na we unahesabiwa thamani ya soko ya siku zilipoingia. Kwenye kodi, mchango unapunguza kipato kinachotozwa: ukiweka cash unaweza kukata mpaka 60% ya kipato chako cha mwaka kinachohesabiwa na IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), ukiweka hisa 30%, inayozidi unaibeba mpaka miaka 5 mbele. Nafuu hii anaipata anayeorodhesha makato yake moja moja (itemize), anayechukua lile punguzo la kawaida la jumla (standard deduction) haipati, ndo maana wengine wanarundika michango ya miaka 2 au 3 ndani ya mwaka mmoja ili makato yao yazidi lile punguzo. Na hisa usingoje wiki ya mwisho ya Desemba, uhamisho unaweza kuchelewa ukaangukia mwaka mwingine.

Sasa kutoa, hapa ndo penyewe. Ingia kwenye akaunti, nenda sehemu ya kupendekeza msaada, tafuta shirika kwa EIN, namba yake ya utambulisho wa kodi yenye tarakimu 9, usitafute kwa jina peke yake maana majina yanafanana mno na hela inaweza kwenda kwa shirika la jimbo lingine kabisa. Namba hiyo iangalie pia kwenye ukurasa wa IRS wa kutafuta mashirika yenye msamaha wa kodi. Alafu jaza kiasi, andika kama ni kwa kazi maalum au watumie wanavyoona wao (mi napendelea waachiwe, wao ndo wanajua bili ipi inawabana), chagua jina lako lionekane au lisionekane, tuma.

Kuna vitu mfuko huu haufanyi kabisa na watu wetu wanakwama hapa. Hauwezi kumlipa mtu binafsi. Mchango wa msiba, matibabu ya ndugu, ada ya mtoto wa dada, hivyo toa mfukoni mwako. Tiketi ya chakula cha jioni cha shirika nayo hapana, kwasababu we mwenyewe unafaidika. Na shirika likikutumia barua ya shukrani usiipeleke kwenye kodi, risiti ya kodi ni ile uliyopewa na taasisi siku ulipoweka hela, huwezi kudai mara mbili.

Linaloniumiza ni hela kulala. Wakfu binafsi (private foundation, mara nyingi wa mtu au familia moja) unalazimishwa na sheria kutoa karibu 5% ya mali yake kila mwaka, DAF haina sharti kama hilo, yani mtu anaweza kupata nafuu yake ya kodi leo na wenye njaa wakasubiri miaka huku ada za uendeshaji zinakatwa. Kwahiyo siku hiyohiyo unayoweka hela, weka na misaada ya kujirudia, kila mwezi au kila robo mwaka, mfumo utatuma wenyewe hata ukisahau. Na kwa vile hela zikiwa mle unachagua ziwekezwe wapi, utakayoitoa mwaka huu iache kwenye fungu lisiloyumba na soko, ya miaka ijayo ndo iende kwenye hisa.

Mwisho washa uthibitisho wa hatua mbili, na ujaze jina la mrithi wa akaunti, mtu au shirika, maana usipojaza ukifariki taasisi itafuata sera yake yenyewe na watoto wako hawatakuwa na la kusema.