Akaunti ya kununulia vitu mtandaoni imegoma? Anza na laini, kisha imeli, duka baadaye

Wadau wa Arusha na Moshi, hii ni kwa nyie mnaoagiza vitu Kikuu, AliExpress, Shein, Amazon na kwingineko, halafu siku moja unafungua aplikesheni unakuta imekutoa, unaweka paswedi inagoma, unaomba namba za uthibitisho haziji, na mzigo ushaulipia. Cha kwanza kabisa usifungue akaunti mpya. Najua mkono unawasha, ila akaunti mpya haina oda yako, haina kuponi zako, haina pa kubonyeza ukitaka kudai hela irudi, na ukiisajili kwa namba ileile ya simu kuna maduka yanaing'oa hiyo namba kwenye akaunti ya zamani na kuihamishia kwenye mpya, hapo sasa ndio umejifungia nje kabisa.

Ishu iko hivi, duka halikujui sura wala halijui unakaa Sakina au Pasua, linakujua kwa namba ya simu na imeli basi. Ukibishana na duka wakati laini haiko mkononi au imeli haifunguki unatwanga maji kwenye kinu.

Uliingiaga kwa mlango gani?

Hapa ndio wengi wanapotea kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Ukurasa wa kuingilia una milango mingi, kuna namba ya simu, kuna imeli, halafu chini kuna vialama vya Google, Facebook na Apple. Kama siku ile unajisajili ulibonyeza kialama cha Google basi huenda huna paswedi ya duka kabisa, haijawahi kuwepo, unayoikumbuka ni ya Gmail, sasa ukiichapa kwenye kiboksi cha duka itakataa hata urudie mpaka kesho. Na ukisema ngoja niingie na namba ya simu badala yake, maduka mengine hayakwambii kwamba umekosea, yanakufungulia akaunti nyingine hapohapo kimyakimya, unaingia vizuri tu halafu unakuta hakuna oda hata moja. Mtu anapiga kelele ameibiwa kumbe kaingia chumba cha jirani.

Namna ya kujua mlango wako: fungua imeli zako zote ulizonazo, kwenye sehemu ya kutafuta andika jina la duka, shuka mpaka barua ya zamani kuliko zote, ile ya kukukaribisha. Imeli iliyoipokea ndiyo yenyewe. Kama unahisi ulitumia Google, ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, kuna orodha ya aplikesheni na tovuti zilizounganishwa na akaunti, duka lako litakuwa pale. Alafu kuna hii ya nukta watu hawaijui: Gmail haijali nukta kwenye jina, ukiandika mangi.wa.moshi au mangiwamoshi barua inafika kapu lilelile, lakini duka linaweza kuyaona hayo kama majina ya watu wawili tofauti. Kwa hiyo jaribu yenye nukta na isiyo na nukta, hasa kama ulijisajili zamani.

Upande wa namba ya simu makosa ni mawili. Moja ni sifuri. Ukishaona +255 imekaa pale mbele, sifuri ya 07 au 06 inatoka, unaanza na 7 au 6 moja kwa moja. Kuna aplikesheni zinasamehe na kuna zisizosamehe, halafu hizo zisizosamehe hazisemi tatizo ni nini, zinasema tu akaunti haipo. Pili ni nchi. Wale mnaopanda Namanga mara kwa mara na mna laini ya Kenya kwenye simu, angalia kama aplikesheni haijajiwekea +254 yenyewe.

Paswedi huenda iko kwenye simu yako sasa hivi

Kabla hujabonyeza umesahau neno la siri, fungua Chrome, bonyeza vidoti vitatu pale juu, nenda mipangilio, tafuta palipoandikwa manenosiri. Andika jina la duka. Simu itataka kidole chako au namba za kufungulia skrini halafu itakuonyesha paswedi uliyowahi kuihifadhi, maana mara nyingi iliuliza ihifadhi ukabonyeza ndiyo bila hata kusoma. Ukiikuta, inakili kama ilivyo. Ukiichapa mwenyewe basi bonyeza kile kijicho uone unachoandika, kibodi za simu zina tabia ya kuanza na herufi kubwa na kuongeza nafasi mwishoni ukichagua neno inalopendekeza, na kwa mashine hiyo nafasi ni herufi kama nyingine.

Usibahatishe bahatishe. Maduka mengi yakiona umekosea mfululizo yanafunga mlango kwa muda, wengine dakika kadhaa wengine siku nzima. Ikishasema ngoja, we ngoja, kila ukijaribu katikati unaweza ukawa unauongeza huo muda.

OTP (namba za uthibitisho) haiji

Angalia skrini vizuri kabla hujalaumu mtandao. Ukiomba namba za uthibitisho duka linakuonyesha zinakokwenda, limeficha katikati, unaona kitu kama +255 halafu nyota nyota halafu mwisho 47. Sasa laini iliyoko kwenye simu yako inaishia na 47? Kama inaishia na 12 basi meseji zinaenda kwenye laini ya zamani, na unaweza kukaa hapo ukibonyeza tuma tena mpaka jua lizame. Hivyohivyo kwenye imeli, wanakuonyesha herufi ya kwanza na ya mwisho, hizo herufi mbili zinatosha kukukumbusha ni imeli gani.

Kama namba ni sahihi, washa ile alama ya ndege, hesabu kidogo, zima. Hakikisha meseji hazijajaa na hujawazuia watumaji usiowajua, maana OTP za nje huja kwa jina au namba ngeni. Na omba mara moja usubiri. Ukiomba mara nne zitakuja nne kwa fujo na kwa kawaida inayokubalika ni ya mwisho tu, wewe unaweka ya kwanza unaambiwa imepitwa na wakati. Kama kuna chaguo la kupigiwa simu au kutumiwa WhatsApp chagua hilo.

Kama laini imepotea au imeibiwa, hapo ni kwenda kuirudisha, na siku hizi ni NIDA na alama za vidole. Sasa kuna kitu kinawatesa watu sana huku kwetu. Kuna mama mmoja anauza mitumba Kiboriloni, simu ilibaki kwenye daladala pamoja na laini, kaenda kibandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, naomba unirudishie laini yangu."

Kaweka kidole, kimekataa. Kaweka kingine, kimekataa.

"Mama, hii laini imesajiliwa kwa jina la nani?"

"La kijana wangu, yuko Dodoma."

"Basi mama ni yeye anayetakiwa kuweka kidole, chako hapa hakitasoma hata tukeshe."

Ikabidi kijana aende duka la mtandao hukohuko Dodoma, akairudisha laini akaichomeka kwenye simu yake, mama akaomba OTP akiwa Kiboriloni, kijana akampigia akamsomea zile namba, mama akaingia. Ilifanya kazi kwa sababu mama ndiye aliyeomba na aliyemsomea namba ni mtu anayemjua. Na wote mliosajiliwa laini na shemeji, mchumba wa zamani au bosi wa kazini, piga *106# mcheki laini zilizoko kwa NIDA yenu, mkikuta ile mnayotegemea haipo kwenye orodha mrekebishe mapema wakati mnaelewana na huyo mtu.

Na laini usiyoitumia muda mrefu inafungwa na namba inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Ikifika hapo usimpigie mwenye namba mpya umbembeleze akusomee OTP, unamfundisha tu kwamba kuna akaunti yenye kadi inayofunguka kwa laini yake. Pitia imeli.

Imeli ndio mama wa yote

Ukiwa na imeli, kila kitu kingine kinarudi. Barua ya kubadilisha paswedi isipoonekana, tazama spamu, tazama na ile sehemu ya matangazo, halafu tazama kama Gmail haijajaa. Google anatoa GB 15 za bure ambazo Gmail, Drive na Picha zinagawana, na zikijaa na ukaacha hivyohivyo barua mpya haziingii. Yaani video za harusi ndio zinazuia barua ya duka. Futa kadhaa, mwaga na takataka, omba barua upya. Linki iliyoko ndani inatumika mara moja na haidumu sana, kwa hiyo ifungue hapohapo, usiiache mpaka jioni.

Ukiwa umeisahau paswedi ya Gmail yenyewe nenda g.co/recover. Hapa siri ni moja, fanya ukiwa kwenye simu au kompyuta uliyoizoea, na ukiwa mahali unapokuwaga siku zote, nyumbani au kazini, kwa intaneti ileile. Google anaangalia hivyo vitu kukuamini. Ukienda kufanyia stationery karibu na stendi kwenye kompyuta ambayo imeshaguswa na nusu ya mji unajipunguzia nafasi mwenyewe. Wakikuuliza paswedi ya mwisho unayoikumbuka andika hata kama ni ya zamani, inasaidia kuliko kuruka swali. Kama ulibadilisha namba ya kurejeshea akaunti wiki hii, ile ya zamani inaweza bado kutumika kwa siku 7. Lakini kama hujaigusa hiyo imeli kwa miaka 2, Google ana sera ya kufuta akaunti zilizolala, ilianza kutekelezwa Desemba 2023, unaweza kukuta haipo kabisa.

Sasa ndio uwaandikie duka

Ukifika hapa huna laini wala imeli, unabaki na kuthibitisha kwamba ni wewe. Kusanya namba ya oda, tarehe, ulichonunua, anwani uliyoandika, meseji ya muamala kama ulilipa kwa simu, na namba nne za mwisho za kadi. Nne tu. Kadi nzima hapana, zile tatu za nyuma ya kadi hapana, hata mtu aongee Kiingereza cha aina gani. Amazon kwa mfano, ukikwama kwenye uthibitisho wa hatua mbili (ule wa paswedi kisha OTP) wana ukurasa wa kupandisha picha ya kitambulisho, ila picha hiyo inapanda kwenye tovuti yao wenyewe na wala sio kwa mtu WhatsApp.

Msaada utafute ndani ya aplikesheni au tovuti yao rasmi. Usitafute namba ya huduma kwa wateja Facebook au kwenye makomenti, pale wamejaa matapeli, ndugu zao na wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Watakwambia wanakufungulia akaunti kwa elfu ishirini, au watakupigia wajifanye wa mzigo, "dada mzigo wako umefika Arusha, nitajie namba sita zilizoingia kwenye simu yako". Mzigo hauhitaji OTP uliyoombewa na mtu mwingine. Meseji kama hizo zipeleke 15040, na kama ushawatajia, kimbilia kuitoa kadi kwenye akaunti ya duka au kuifunga benki kabla hujafanya lingine lolote. Halafu Jumia walishafunga Tanzania tangu Novemba 2019, kwa hiyo linki ya Jumia Tanzania inayokutaka uingie leo ikimbie.

Andika kwa kifupi na kwa kitu kimoja: siwezi kuingia, laini hii nimeipoteza, imeli hii siipati, oda ni hii. Maduka ya China wako mbele yetu masaa 5, saa saba mchana ya kwetu kwao ni saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo ukitaka mtu wa kweli badala ya roboti andika asubuhi mapema.

Ukiingia tu, badilisha paswedi, bonyeza kutoka kwenye vifaa vyote, na angalia anwani ya kupokelea mizigo, maana mwizi mwenye akili hagusi paswedi, anabadilisha anwani tu. Ongeza imeli na namba ya pili. Zile namba za akiba za uthibitisho wa hatua mbili ziandike kwenye karatasi uweke na vyeti vyako, skrinishoti kwenye simu ileile itakayopotea haikusaidii.

Na wakati unasubiri duka lijibu, mzigo wako hausubiri. Kama una namba ya kufuatilia kwenye imeli au meseji huhitaji akaunti kuona ulipo, iweke kwenye 17TRACK, tovuti ya kufuatilia mizigo. Ikiwa ni herufi mbili, tarakimu tisa, halafu herufi mbili mfano CN, hiyo imepita posta, kwa hiyo ikionyesha imeshaingia Tanzania nenda posta ya mji wako na namba hiyo pamoja na kitambulisho, uwaulize.