Somo: Kamusi yenye thamani ya msingi, na swali la kama kusoma kuruhusiwe kuandika

Hatua ya 1. Katika lugha ya programu ya Python, kamusi ni hifadhi inayounganisha kila ufunguo na thamani yake. Kamusi ya kawaida, ikiulizwa ufunguo isiokuwa nao, hutoa hitilafu ya `KeyError`. Tabia hiyo ni njema, kwa kuwa jina lililokosewa herufi hugundulika papo hapo. Lakini anayepanga vitu kwa makundi hulazimika kukagua kila mara kama kundi lipo. Kwa ajili yake toleo la 2.5, la mwaka 2006, lilileta `defaultdict`, kamusi inayojitengenezea thamani ya msingi kwa ufunguo isiokuwa nao (`append` huongeza kitu mwishoni mwa orodha):

```
from collections import defaultdict
mauzo = defaultdict(list)
mauzo["mchele"].append(3200)
```

Hatua ya 2. Angalia kilichowekwa ndani ya mabano ya `defaultdict(list)`: si orodha, bali ni kiundaji cha orodha, kinachoitwa upya kwa kila ufunguo mpya. Katika lugha ya Ruby, anayeandika `Hash.new([])` ametoa orodha moja tu, ambayo funguo zote zisizokuwepo huigawana. Ukiongeza 3200 kwenye mchele, ukauliza unga, utajibiwa 3200, ilhali kamusi yenyewe bado ni tupu.

Hatua ya 3. Sasa endesha mistari hii:

```
if mauzo["sukari"]:
    print("imeuzwa")
print(len(mauzo))
```

Jibu ni 2. Sukari haikuuzwa, ila imeingia daftarini kwa kuulizwa tu, na ripoti ya jioni itaiorodhesha. Sababu yake ni ya msingi: kama orodha mpya isingehifadhiwa, `append` ya hatua ya kwanza ingeongeza bei kwenye orodha isiyoshikwa na yeyote, na bei ingepotea. `Counter`, kamusi ya Python ya kuhesabia, haina shida hiyo, kwani namba haibadilishwi ilipo, na `+=` huandika thamani mpya yenyewe; kwa hiyo hurudisha 0 bila kuhifadhi chochote. Lugha ya Go nayo hurudisha thamani sifuri ya aina husika bila kuhifadhi, na ukitaka hukuambia pia kama ufunguo ulikuwepo. Binafsi naupenda zaidi mgawanyo wa Java 8, ambako `getOrDefault` husoma tu na `computeIfAbsent` huhifadhi, kwa sababu msomaji wa msimbo huona nia ya mwandishi katika jina lenyewe.

Hatua ya 4. Ukimaliza kukusanya, andika `mauzo.default_factory = None`. Tangu hapo ufunguo usiokuwepo utaleta `KeyError` kama kawaida.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona `mauzo.get("unga")` inanipa `None` badala ya orodha tupu?*

Kiundaji huitwa na mabano ya mraba pekee. `get` na `in` hazikigusi, kwa hiyo ukitaka kuuliza bila kuandika, tumia hizo.

*Programu yangu ilikatika katikati ya kitanzi ikidai ukubwa wa kamusi umebadilika, nami sikuongeza kitu. Tatizo ni nini?*

Ndani ya kitanzi ulisoma ufunguo usiokuwepo, ukaongezwa. Badilisha usomaji huo uwe `get`.

*Je, thamani inaweza kutokana na ufunguo wenyewe?*

Si kwa `defaultdict`, kwa kuwa kiundaji chake hakipokei ufunguo. Unda aina yako inayorithi `dict` (kamusi ya kawaida), kisha uandike `__missing__`, ambayo huupokea. Humo thamani haihifadhiwi usipoihifadhi mwenyewe.