Koili ya konveta: piga hesabu ya kilele, sio wastani

Ukidizaini konveta ya kushusha volti za kulisha chipu, tuseme 12V kwenda 3.3V kwa ampea 2, usichague koili kwa hizo ampea 2 peke yake, maana mkondo kwenye koili hautulii, unapanda swichi ikiwaka unashuka ikizima. Kujua unacheza kiasi gani, chukua 3.3 zidisha na 0.725 (yaani 1 toa 3.3/12), halafu gawa kwa frikwensi mara thamani ya koili. Kwa 500 kHz na koili ya 10 µH mkondo unacheza kama ampea 0.48, nusu yake jumlisha kwenye 2, kilele kinakua 2.24. Hiyo ndo unalinganisha na ampea za sachuresheni kwenye datashiti (mkondo ambao kiini cha koili kinajaa sumaku), sio zile za joto (mkondo ambao koili inapata moto kupita kiasi), ziko aina mbili na tangazo mara nyingi linabeba ile kubwa, wajanja hao. Mi naacha nafasi ya 30% hivi, hasa koili yenye kiini cha feraiti (kauri ya sumaku), maana kiini kikijaa sumaku thamani ya koili inaporomoka ghafla, mkondo unaruka na swichi inaweza kuungua. Koili za kiini cha unga wa chuma thamani yake inashuka taratibu. Alafu soma grafu ya joto la juu, feraiti ikichemka inajaa mapema.